Mimi Ningempa, Shida ni Jirani

Jumatano, Oktoba 9

Hili sijamwambia mtu, hata Bibi: nikishika simu ya ofisini mimi ni mzungu.

Sikupanga. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kwanza kujitolea kwenye kampeni ya urais ya Gavana Bascombe. Deb Rohlfing, kiongozi wa kata yetu, alinipa orodha ya majina arobaini na karatasi ya maneno ya kusoma. Deb ni mzungu wa miaka sitini hivi. Kazi yake ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuwabembeleza watu wasiotaka kufungua mdomo. Akaniambia, "Piga tu, mpenzi, hawaumi."

Simu ya kwanza ikapokelewa, na sauti iliyonitoka haikuwa ile ninayoombea chumvi nyumbani. Ilikuwa sauti ya darasani, nyembamba, iliyopigwa pasi. Nikaisikia inasema, "Habari za jioni, naitwa Kirsten."

Mimi naitwa Renita Hargrove. Rangi yangu ni ya Bibi, na Bibi ni mweusi wa Mississippi asiyehitaji maelezo. Renita akiulizwa swali darasani huangalia viatu. Kirsten hana haya. Kirsten anacheka kidogo katikati ya sentensi, na watu wanamwambia kila kitu.

Alhamisi, Oktoba 10

Mvua. Simu thelathini na moja, waliopokea tisa.

Alhamisi, Oktoba 17

Kila simu ikiisha tunaandika namba. Moja ni wetu kabisa. Tano hatutaki hata kidogo. Tatu bado anasita. Leo nimeandika tatu mpaka mkono umechoka.

Mzee mmoja wa barabara ya Fenner, Bwana Dietrick, alinishika robo saa. "Kirsten, binti yangu, yule Gavana wenu nampenda. Anaongea kama mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikono. Mimi ningempa kura hata leo. Ila hachaguliki."

"Hachaguliki kwa nini, bwana?"

"Si kwangu. Kwa watu. Unawajua watu."

"Naelewa," Kirsten akasema, na alisema vizuri hasa, kama mtu anayewajua.

Hilo ndilo neno la mwaka huu, kuchagulika. Redio inalisema, baba za wenzangu wanalisema kwenye foleni ya petroli. Hakuna anayesema Gavana Bascombe ni mweusi mno. Wanasema hachaguliki, kama mlango uliovimba kwa mvua. Si kosa la mtu, ndivyo ulivyo tu.

Jumapili, Novemba 3

Wagombea wote hupitia kanisani kwetu msimu huu. Leo ilikuwa zamu ya Seneta Haverkamp, mzungu wa miaka sabini na sita, nywele kama pamba. Kwaya ilipoanza naye akapiga makofi, kila kofi likaanguka mahali pake peke yake. Dada Lurleen, aliyekaa mbele yetu, akamgeukia Bibi: "Ozella, huyu anaimba au anaua mbu?" Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa.

Lakini Jumapili iliyopita, Gavana Bascombe aliposimama palepale, Bibi hakucheka. Alilia. Gavana alimtaja mama yake aliyefua mashuka ya hospitali, na Bibi akalia bila sauti, mikono juu ya mkoba.

Kwa hiyo leo garini nikamwambia, "Basi Februari tutasimama pamoja, mimi na wewe."

"Wewe simama unapotaka. Mimi nitasimama na yule muua mbu."

Nilidhani anatania. Hapa kwetu Iowa mkutano wa mchujo, wa chama kuchagua mgombea wake wa urais, hauna karatasi wala pazia. Unaingia ukumbini, unasimama kwenye kona ya mtu wako, majirani wote wanakuona. Mimi nitatimiza miaka kumi na minane kabla ya uchaguzi wa Novemba mwakani, kwa hiyo naruhusiwa. Tangu kiangazi nimekuwa nikituona sisi wawili kwenye kona moja.

"Lakini ulilia, Bibi."

"Nililia kwa sababu nampenda. Kumpenda mtu ni kitu kimoja, kumpeleka mahali watakapomwangusha ni kitu kingine. Renita, mimi nilikata mapaja ya nguruwe kwenye kiwanda cha nyama miaka thelathini na mmoja chini ya wasimamizi wazungu. Nilikuwa najua nani ameamka vibaya kabla hajavua kofia. Nimekula kwa kuwasoma. Hawatampa. Watatabasamu, watamsifu, halafu mikono yao itakwenda kwingine. Na tukimpeleka yeye akaanguka, yule mwendawazimu wa upande wa pili anaingia, na wa kuumia tutakuwa sisi. Mimi sichagui nimpendaye. Nachagua yule ambaye wao watamchagua."

Renita aliangalia viatu mpaka nyumbani.

Jumamosi, Novemba 16

Leo nataka kuandika taratibu ili nisikosee.

Saa nne asubuhi nilimpigia Bi Ostrander. Anakaa Fenner namba 418. Mjane, mwalimu mstaafu. Akasema amesoma mpango wote wa Gavana kuhusu shule, amepigia mistari. "Ni bora kuliko wote, Kirsten, nakwambia kama mwalimu. Ningempa alama zote. Lakini mimi nakaa hapa miaka arobaini, nawajua watu wa mtaa huu. Jirani yangu hapa ukutani, mzee wa watu, mwema, ananitolea theluji bila kuombwa. Lakini ni wa zamani. Hawezi kumpa mtu kama Bascombe. Na kama yeye hawezi, wapo maelfu kama yeye. Sasa mimi nipoteze kura?"

Nikaangalia orodha. Fenner namba 420: Dietrick, Harold. Tatu. Ndimi niliyeiandika.

Nikampigia Bwana Dietrick. Hakuwa kwenye orodha ya leo, nilimpigia kwa kosa la makusudi. Nikamuuliza hao watu anaowaogopa ni akina nani hasa. Akakohoa. "Chukua mfano jirani yangu. Mama mtaratibu, kasoma, kanisa kila Jumapili. Akisikia 'rais mweusi' atatabasamu, kisha atajifungia mlango. Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa."

Ukuta mmoja kati yao. Mmoja anatoa theluji ya mwenzake.

Kanuni ya ofisi ni moja: anachosema mtu kwenye simu hakitoki. Deb hurudia kila Jumatatu. Nilishika simu mpaka ikaanza kulia ule mlio wake wa kukatika. Kirsten angeweza kusema, "Bwana, gonga mlango wa jirani yako." Kirsten aliye jasiri hivyo alikuwa amesema tu, "Asante kwa muda wako."

Nikaandika tatu. Na kule juu, tatu nyingine.

Alhamisi, Novemba 21

Kwa sababu nimesoma shule ya lugha mbili tangu chekechea, Deb amenipa orodha ya Kihispania pia. Watu wa kiwanda cha nyama. Kwa Kihispania mimi si Kirsten wala si Renita. Ni sauti tu inayosema señora.

Señora Quintanilla alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mume wake na yeye watakwenda kwa Haverkamp. "Si kwa kuwa mzee anatufaa, mwanangu. Lakini kama wazungu hawamtaki yule mweusi, sisi tutamvusha peke yetu?"

Kumbe kitu hicho kinasemeka kwa lugha zote nilizofundishwa.

Leo shuleni nilimuuliza Mwalimu Ybarra Kihispania cha kuchagulika. Akafikiri, akasema lipo neno, ila maana yake ni mtu anayeruhusiwa na sheria kuchaguliwa: ana umri, ni mzaliwa wa nchi, hajafungwa. Basi. Hakuna neno moja la ile nyingine, ya kubashiri moyo wa jirani. Nimelipenda jibu hilo. Kwa Kihispania Gavana Bascombe anachagulika kabisa.

Jumatatu, Desemba 2

Theluji. Ofisi imefungwa.

Jumanne, Desemba 3

Theluji.

Jumapili, Desemba 8

Baba amebadilishiwa zamu kiwandani, sasa anaunganisha matrekta kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku. Maana yake Februari hatakuwepo kwenye mkutano. "Wangekuwa wanatutaka wangeuweka Jumapili," alisema akifunga kamba za viatu. Nikamuuliza angesimama wapi. Akasema, "Mimi? Nyuma ya mama yangu. Ndipo nilipolelewa kusimama."

Kwa hiyo aliyebaki ni Bibi tu.

Jumatano, Desemba 25

Mboga za majani, makaroni ya jibini, keki ya nazi. Nyama ya nguruwe Bibi hajaigusa tangu alipostaafu, na hakuna anayethubutu kuileta.

Katikati ya chakula akaniuliza, "Na hao unaowapigia, wanasemaje?" Hajawahi kuuliza. Aliweka uma chini kabisa.

"Wanasema vizuri," nikajibu.

"Vizuri vipi?"

"Wanampenda, Bibi."

Alinitazama kama anavyotazama nyama dukani. Kisha akauchukua uma wake. Sikudanganya. Lakini nilihisi nimedanganya.

Jumamosi, Januari 11

Baridi ya kupasua midomo. Mtu mmoja aliniambia leo, bila salamu, "Simpi mtu mweusi nchi. Usinipigie tena." Akakata.

Niandike ukweli, kwani hapa hakuna anayesoma: nilimshukuru. Nikaandika tano na mkono wangu ukapumzika. Tangu Oktoba ni mtu wa sita kusema hivyo kwa nafsi yake. Sita. Nimezungumza na watu mia saba na kitu. Waliobaki wote wana jirani. Wana shemeji, wana watu wa kusini, wana wazee wa kahawa pale kituo cha mafuta. Kila mmoja yeye mwenyewe angempa, shida ni jirani. Nimemtafuta jirani huyo miezi mitatu kwa simu, barabara baada ya barabara, na kila nikigonga ananiambia yuko nyumba ya pili.

Halafu usiku nikilala nafikiri: lakini kama wote wanamwogopa, si ni sawasawa na kwamba yupo?

Jumatatu, Januari 20

Deb alinikuta nikifunga koti. "Una sauti ya simu ambayo sijawahi kuisikia, Renita. Watu wanakufungukia. Siri yako nini?" Nikaangalia viatu. Akacheka, akanishika bega.

Kisha akaketi kwenye meza, akaonekana mzee ghafla. "Nikwambie kitu? Hata Glenn wangu nyumbani hajakubali. Anasema hachaguliki. Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na nne." Akavuta pua. "Lakini sikiliza. Wazungu wa kata hii wanangoja kuona. Wakiona kina mama wa kanisani kwenu wamesimama naye, bibi yako hasa, wataamini anawezekana. Wanawaangalia ninyi."

Sikumwambia Deb kwamba Bibi anawaangalia wao.

Nilipoanza nilimwona Deb kama mtu anayejua njia. Leo nimemwona kama mimi tu, ila na funguo za ofisi.

Jumapili, Januari 26

Kanisani kina mama walikuwa wakipanga magari ya siku ya mkutano. Dada Lurleen akauliza, "Ozella, bado uko na muua mbu?"

Bibi akasema, "Nitaona nikifika."

Nitaona! Nilikuwa nimebeba sahani za karatasi, nusura zinidondoke. Hakusema ndiyo wala hapana kwa Haverkamp. Alisema ataona. Njia nzima ya kurudi niliogopa nikisema neno atarudi pale alipokuwa.

Jumapili, Februari 2

Kesho. Deb anasema kwa hesabu yake tutavuka idadi inayotakiwa kwa watu wanne au watano.

Jumanne, Februari 4

Sikwenda shule. Nimesema tumbo linauma. Niliandike lote sasa, mchana huu, Bibi akiwa kwa Dada Lurleen.

Mkutano wa kata yetu ulikuwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya msingi. Kila mgombea alikuwa na bango lake ukutani. Tulihesabiwa mlangoni, tukawa mia moja hamsini na mmoja. Mwenyekiti akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akatangaza: kundi lisilofika asilimia kumi na tano, yaani watu ishirini na watatu, halihesabiki. Watu wake watapewa nusu saa waende kwingine, au wavute wengine kwao. Baada ya hapo kwisha.

Bibi aliingia na kina mama wanne wa kanisani. Alivaa koti lake la kahawia na kofia ya Pasaka. Akasimama katikati ya ukumbi, juu ya ule mstari wa duara, akatazama. Aliwatazama wazungu. Nilimwona akiwasoma, kona kwa kona. Kona yetu ilikuwa na vijana, walimu kadhaa, Deb, familia moja ya Kihaiti, na nafasi kubwa tupu. Kona ya Haverkamp ilikuwa imejaa mpaka kwenye milango. Bibi akaenda huko, akakaa kwenye kiti cha kukunja chini ya goli. Kina mama wakamfuata.

Na palepale, mbele ya kiti chake, nikasikia sauti mbili ninazozijua. Sikuwahi kuwaona, lakini sauti nazijua. Mzee mwenye suruali ya mikanda ya mabegani alikuwa akimwambia bibi mwembamba, "Nilijua nitakukuta huku, jirani." Naye akamjibu, "Na mimi nilijua, Harold." Wakatikisiana vichwa. Walionekana kuridhika, kama watu waliokisia vizuri.

Hesabu ya kwanza: Haverkamp sitini na mmoja. Wengine sijui. Bascombe, ishirini na wawili.

Deb alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya barafu. "Mmoja. Tunamtaka mmoja tu, Renita. Kamlete bibi yako. Mwambie tumepungukiwa na mmoja. Yeye akija, wale wengine wanne watakuja nyuma yake, na wazungu wataona. Nenda, mpenzi. Atakusikia wewe."

Nikavuka ukumbi. Sijawahi kutembea mbali hivyo. Viatu vyangu vililia kwenye ubao na watu wote walikuwa wananiangalia, nilijua, bila kuinua kichwa.

"Wamekutuma," Bibi alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Sema basi."

"Wanaomba... tunaomba uje kwetu."

Akanitazama muda. "Maneno ya karatasi sitaki," akasema polepole. "Mimi nimewasoma nyuso. Wewe umekaa miezi minne na sikio lako ndani ya nyumba zao, na hawajui kuwa ni wewe. Unafikiri sijui unavyoongea ukiwa huko? Nilikupigia ofisini mara moja, akapokea mtoto wa kizungu, nikakata." Hakuwa na hasira. "Kwa hiyo niambie, mjukuu wangu. Novemba. Watampa?"

Hapa ndipo ninapotaka kuandika sawasawa.

Ningeweza kusema: Bibi, tumepungukiwa na mmoja. Ndiyo niliyotumwa. Ningeweza kumwonyesha wale wawili mbele yake, nikamwambia, muulize huyu, kisha muulize huyu. Ningeweza kusema kwamba nimekutana na sita tu. Ningeweza kusema njoo. Yote yalikuwa mdomoni. Lakini aliniuliza kama mtu anayeuliza daktari, na nikasikia zile simu zote kwa pamoja, naelewa, naelewa, unawajua watu, na nikawajua. Nikawa najua kama wao wanavyojua.

Nikasema, "Hapana, Bibi. Hawatampa."

Akafumba macho. Akayafumbua. Akasogeza mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha pembeni, akaupakata. "Basi kaa na mimi. Usisimame peke yako kule."

Nikakaa.

Nilidhani nitakaa dakika moja. Kengele ikalia nikiwa nimekaa. Ng'ambo ya ukumbi Deb alikuwa bado amenyoosha shingo, akitabasamu, akidhani namshawishi. Wakahesabu tena. Ishirini na mmoja. Mwenyekiti akasema kundi la Bascombe limevunjika, akaomba watu wake wachague kona nyingine. Wakatawanyika na makoti yao. Wengine walikwenda nyumbani. Deb alikuja kona yetu, kona ya Haverkamp, macho mekundu, akasimama nyuma ya kiti changu. "Si kitu, mpenzi," akasema. "Mtu mzima akishaamua, ameamua." Alidhani Bibi ndiye aliyekataa.

Sikumsahihisha.

Jumatano, Februari 5

Uji wa shayiri. Bibi alikuwa akikoroga wake bila kula.

"Nikwambie jambo la kipumbavu?" akasema. "Juzi pale ukumbini nilikuwa nimeshajiambia, mtoto akisema njoo, nitakwenda. Wala si kwa sababu atashinda. Nina miaka sabini na tisa, nilitaka mara moja tu nisimame mahali ninapopenda. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia niwe mjinga."

Nikaweka kijiko chini.

"Lakini wewe ulikuwa na akili kuliko mimi." Akanipapasa mkono. "Mlikuwa mmepungukiwa na wangapi hata hivyo?"

"Wengi," nikasema.

"Wengi kiasi gani?"

"Kumi na kitu."

"Kumi na kitu!" Mabega yake yakashuka, nikaona mzigo ukimtoka. "Ah. Basi hata ningekuja. Hata tungekuja wote watano." Akaanza kula uji. Akaongeza sukari.

Alhamisi, Februari 6

Gavana Bascombe amejitoa. Alisimama na mke wake mbele ya bendera, akashukuru watu wa Iowa. Kwenye kata nyingi alipungukiwa na watu wawili, watatu.

Kisha wachambuzi. Mmoja, mwenye tai ya bluu, akasema, akiutaja mji wetu: "Cha ajabu ni kwamba hata weusi wenyewe kule Waterloo hawakusimama naye. Sasa kama weusi hawamwamini, wazungu watamwaminije?"

Bibi alizima televisheni. Alibaki ameketi akiitazama ikiwa imezimwa. Halafu akasema, kama anayejifariji, "Kumi na kitu. Hatungeweza."

"Hatungeweza, Bibi."

Ijumaa, Februari 7

Ofisi ya Haverkamp imepiga simu ya nyumbani. Wamechukua orodha zetu na wanataka watu wenye sauti nzuri. Nimekubali. Sikujua kama nimekubali mpaka nilipokuwa nimeshakata simu.

Jumamosi, Februari 8

Theluji imeanza tena. Bwana Dietrick bila shaka yuko nje na koleo lake, mlangoni kwa Bi Ostrander. Nimekuwa nikifikiri nimwandikie barua kila mmoja, bila jina. Sasa ingefaa nini. Wote wawili walikisia sawa, na kesho kutwa watakisia tena, na mimi ndiye nitakayewapigia.

Naandika hivi mlango ukiwa wazi kidogo ili nisikie kama Baba ameamka. Simu ya ukutani inalia jikoni. Bibi amepokea.

Ni Deb. Najua kwa vile Bibi anavyosema "Asante, mama, nawe pia." Deb huwapigia wote waliojitolea, mmoja mmoja, awashukuru. Angenipigia mimi kwenye simu yangu, lakini nimeizima tangu Jumatatu.

Bibi anacheka kidogo. Anasema, "Hapana, usijilaumu, kumi na kitu si mchezo."

Anasikiliza.

"Samahani, wangapi?"

Bomba la maji linadondoka, nalisikia mpaka huku.

"Mmoja," Bibi anasema. Hakuuliza. Amelitamka tu, kama mtu anayeonja kitu. "Na yeye alijua?"

Simu haijarudishwa ukutani, nasikia ule mlio wake.

Ngazi ya kwanza. Goti lake la kulia ni baya, hajapanda huku tangu kiangazi, akinitaka huniita. Hajaniita. Anapumzika. Ngazi ya pili. Nikifunga mlango atasikia kitasa. Daftari haliingii chini ya godoro kwa sababu ya ubao, chini ya mto litaonekana, labda ndani ya begi la shule katikati ya karatasi za Haverkamp, hapo hataangalia, hapo. Yuko juu. Anapumua mlangoni